Mkono Mweupe wa Malaika

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku ugenini, mtaani kwetu Merrylands, bado tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Mama yako hajambo. Akitoka zamu hospitalini Westmead hunisalimu kupitia dirisha.

Umenitumia picha ya sanamu ya malaika wa lile kanisa la kale mnalolikarabati huko Ufaransa, uliyemchongea mkono mpya wa jiwe, ukauliza kama uupake rangi ufanane na mwili wake wa kale uliofubaa.

Nilipokuwa fundi kijana pale misheni, niliichongea sanamu ya mtakatifu vidole vipya badala ya vilivyovunjika. Nikaona haya jinsi vilivyong'aa, nikavipaka masizi ya sufuria. Mvua ya kwanza ikayateremsha yote hadi kwenye kanzu yake! Fundi mzee aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alinipa ndoo na brashi, akasema, "Vioshe. Aliyemchonga huyu hakujificha. Wewe unajificha nini?"

Picha yako nimeibandika dirishani. Majirani wakipita na barakoa zao huuliza upi ni mkono wa mjukuu wangu. Nawajibu kwa sauti, wasikie hadi ng'ambo ya barabara: "Ule mweupe!"

Babu yako