Betri ya Fuso kwa Mayai ya Mama Neema

Mtani wangu Kihwele,

Kwanza ujue huku Mbeya bado natamba. Mimi ni mtu wa bahati, nilizaliwa siku Mungu anacheka. Mashine yetu ya kutotolesha vifaranga hapa Iyunga inafanya kazi, betri mpya nimeichagua mwenyewe bila fundi, na mayai ya mke wako, trei nne, yametoka vifaranga yote. Yote! Hata wewe na kalkuleta yako hukuwahi kutoa yote.

Haya. Sasa nikusimulie vizuri.

Tangu tukuzike kule Ilula sijacheka sawasawa. Siku ile nilifanya kazi yangu ya utani. Nilikaa juu ya udongo wa kaburi lako, nikagoma usizikwe mpaka nipewe jogoo, nikasema Mhehe huyu alikuwa mchoyo hata wa bisibisi. Watu wakacheka. Mkeo Mama Neema naye alicheka, machozi yanamtoka. Jogoo nilipewa. Jioni nikamrudisha bandani, sikuweza kumla.

Wiki tatu baadaye betri uliyoiacha ikavimba tumbo. Umeme ukikatika, ile UPS inayovuta umeme wa betri kwenda kwenye mashine inalia mara mbili inanyamaza. Nikaenda mjini kutafuta nyingine. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiingia dukani: unainyanyua betri mpaka kifuani, unaisikilizia uzito, unasema, "Nyepesi hii, risasi ya ndani wameila." Nami nikanyanyua. Nilinyanyua saba, mtani, wateja wakanipisha. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, unataka ya sola au ya gari?" Nikamwambia nipe kubwa kuliko zote. Akanipa ya Fuso, lakini akasema, "Bosi, hii ni ya kuwashia injini." Nikamwuliza: kama inaliwasha Fuso lililojaa mbolea likapanda mlima wa Kitonga, itashindwaje na mayai, ambayo hata hayaendi popote? Duka zima likacheka. Nikatoka nayo begani kama nimeua simba.

Wewe ukishanyanyua ulikuwa unaiweka chini, unavaa miwani, unasoma maandishi ya ubavuni. Unahesabu balbu, unahesabu feni, unajiuliza umeme ukiondoka tunataka ishike saa ngapi. Hapo mimi nilikuwa nje, napiga soga na mama wa ndizi. Nilikuiga kunyanyua tu. Na siyo kwamba hukunieleza. Tulikuwa Soweto, hapa hapa Mbeya, tunakunywa chai, ukasema, "Betri ya gari inapiga teke moja, injini ikawaka, basi, inalishwa tena. Mayai yanataka wa kukaa nayo." Halafu ukaniangalia. "Wewe Mngoni, wewe ndiyo betri ya gari." Nilinuna nusu saa nzima.

Umeme ukakatika mara ya kwanza, ikashika. Nikampigia Mama Neema papo hapo, nikamwambia lete mayai, shemeji yako ameweka mtambo. Akakusanya ya kuku wako mwenyewe na ya majirani, akayapakata kwenye basi kutoka Ilula mpaka hapa, hakunywa hata maji njiani asije akayaacha. Anataka kuanzisha banda la kuku limsaidie kulea watoto wako. Hana kingine, unajua.

Mara ya pili betri ikashika, ila kidogo. Mara ya tatu, kidogo zaidi. Niliona, mtani. Nikajiambia ni baridi ya Mbeya. Kuibadilisha ningeweza, lakini ningerudi na uso gani kwa yule muuzaji, baada ya watu kucheka vile?

Siku ya kumi na sita ya mayai, umeme ukaondoka asubuhi. Saa nne UPS ikaanza kulia. Saa tano haikuiona, ikazima. Nikafunika mashine na mablanketi yangu yote, na lile koti lako la kijani ulilosahau hapa. Nikachemsha maji, nikajaza kwenye chupa, nikazipanga ndani, zikipoa nachemsha tena. Nilikuwa naongea na mayai, wewe. Nayabembeleza kwa Kingoni. Umeme ulirudi kesho yake.

Mama Neema alikuwa anapiga simu kila siku: "Shemeji, wameanza kulia ndani ya ganda?" Nikamjibu, "Wanaimba kwaya, mama." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, basi nikaendelea. Nikamwambia kuna mmoja anaimba besi.

Siku ya ishirini na moja nilibandika sikio kwenye mlango wa mashine mpaka shavu likauma.

Jumamosi napanda basi kuja Ilula. Simu sitapiga. Nitakaa mbele yake nimwambie betri niliichagua mimi, nilionywa nikacheka. Akinitukana nitatukanwa. Jumatatu nitarudi dukani, nimwambie yule kijana kwamba sijui, anieleze pole pole, balbu ngapi, saa ngapi. Halafu nitamtotoleshea Mama Neema mengine, trei kwa trei, mpaka banda lijae. Hilo nakuahidi, na safari hii sitambi.

Pumzika, Kihwele. Nikimaliza kwa mkeo nitapita hapo ulipo, nikung'olee majani.

Ile bahati niliyokutambia hapo juu ni uongo. Hakutoka hata kifaranga mmoja.

Mtani wako,
Komba