Nyuzi za Kobe wa Bakari

Jumatatu, 6 Oktoba
Saa moja asubuhi, simu. Hata uso sijanawa. Mume wangu, Bakari: unyevu umeshuka, nyunyiza maji. Nimenyunyiza. Kobe watatu, hakuna aliyefika kiganja, wamelala kwenye sanduku la kioo sebuleni kama maharusi. Kibali cha kufugwa wanacho, taa wanayo, kipimo wanacho. Kipimo chenyewe kidogo, saizi ya kiberiti, lakini kinampelekea joto na unyevu wao kwenye simu yake huko kazini Mombasa. Mimi hakuniuliza nimeamkaje.

Jumatano, 8 Oktoba
Leo kapiga mara nne. Mara nne! Saa nane jua la dirishani linapiga kile kioo, nivute pazia. Nikavuta. Akasema ahsante, akakata.
Nawaonea kobe wivu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dada Hadija kaja kutoka Ngao na ndizi. Nimemweleza. Kacheka mpaka leso ikamdondoka. "Wenzio walia na wake wenza, wewe walia na kobe!" Sikucheka. Mwaka wa kwanza wa ndoa Bakari alikuwa akipiga kuniuliza nimekula nini. Sasa auliza wao wamekula nini. Yule mdogo ndiye kipenzi chake. Akibakisha mchicha, mtu halali.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mwili waniuma. Nasikia baridi, Garsen hii, na jua hili! Nimemwambia kwenye simu. Akasema pole, meza dawa, na maji ya kobe usisahau kubadilisha. Vyote kwa pumzi moja. Nimemchukia.

Jumapili, 12 Oktoba
Homa kali. Saa saba nimejikokota sebuleni, nikakitoa kipimo sandukuni, nikarudi kitandani, nikakibana kwapani. Acha aone.
Robo saa haikuisha, simu. Anapiga kelele: "Thelathini na tisa! Watoe juani, watakufa!"
Nikamwambia, "Si wao. Ni mimi."
Hapo akasema anakuja.
Wallahi nimefurahi. Nalala sasa, na kipimo chao ninacho.

Jumatatu, 13 Oktoba, asubuhi
Alifika jana magharibi. Alipita sebuleni moja kwa moja, sanduku hakulitazama. Nililiona hilo. Tulikwenda hospitali na bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma kanishika nisianguke. Malaria. Uji kanilisha kwa mkono wake. Sijawahi kuugua vizuri hivi.

Jumatatu, jioni
Pazia. Jana sikuvuta pazia.
Wawili walijificha chini ya kigae, wamepona. Yule mdogo ameiva humo ndani ya kioo. Na simu haikumwambia Bakari kitu, maana kipimo kilikuwa kwapani mwangu. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama nimemeza dawa za mchana. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 14 Oktoba
Homa imeshuka.
Jana Bakari alimzika yule mdogo nyuma ya jiko. Sikutaka kuandika. Nilimwona dirishani, kachuchumaa, analia bila sauti, mabega tu yanatikisika. Nilitaka kutoka nimwombe radhi. Sikutoka. Nilisimama pale napima analia kwa muda gani, na kama mimi ningeliliwa hivyo.
Kisha akaingia, akanawa mikono, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akasema nimepoa. Nikasema ndiyo.