Yai la Kukhu

Dada Nekesa, nakusalimu kutoka Kitale. Mvua imetufungia hapa hospitalini. Miguu ya Kukhu, nyanya yetu, bado imevimba. Nesi amenieleza kwamba protini ni kubwa, haipenyi ukuta wa mshipa, kwa hivyo inabaki ndani ya damu ikishikilia chumvi na maji. Ikipungua, maji yanatorokea miguuni. "Mpe mayai," akasema. Nawe unajua wanawake wa rika lake walikatazwa kuku na mayai.

Leo nimemenya moja, nikalishika tu. Kukhu akanitazama sana.

"Wale waliotukataza wamekufa wote, si ndiyo?"

"Wote, Kukhu."

Akafumba macho, akafungua kinywa.

Mungu awalinde huko Bungoma. Ukiwachemshia watoto mayai, chemsha na lako.

Ndugu yako, Wafula