Babu Aliye Porini

Matongo, Jumanne

Nusura niitume habari ya picha za ubongo wa sokwe ikiwa na kosa. Nilikuwa nimeandika kwamba watafiti wanaupiga picha ili waone ubongo wa babu zetu.

Mama Ghati, mwenye nyumba wangu, alinisikia nikiisoma huku akiponda mawe yake ya dhahabu uani. Akacheka. "Mwandishi, babu yako gani bado yuko porini anakula matunda? Huyo ni mtoto wa baba mdogo. Babu yenu alishakufa."

Nikampigia simu mmoja wa watafiti hao. Mama yuko sahihi: wanalinganisha ndugu wawili, sokwe na binadamu, ili wamkisie babu yao ambaye hayupo tena.

Miaka yote hii kazini, na ningechekwa hadi Musoma. Nimemshukuru Mama Ghati kwa moyo wote.

"Na huyo sokwe," akauliza, "ameshakuja kutupiga sisi picha?"