Mpira Mwembamba Ulioukataa, Mzee Sefu

Mzee Sefu,

Leo sikuamkii. Miaka yote nilikupa shikamoo yangu kabla hata sijavua kofia, lakini leo moyo umenuna. Nimefunga siku mbili ili hasira ipungue, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, haikupungua. Basi acha nikwambie hivi hivi, kama tulivyokuwa tukiambiana pale kituoni, tumekaa kwenye ngazi ya gari la zimamoto, wewe na chai yako ya tangawizi.

Tulikuzika Ujiji baada ya Alasiri. Watu walijaa. Shehe akauliza, kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudiaje marehemu huyu?" Wote wakajibu kwa sauti moja, "Mtu mwema!" Mimi sikujibu. Aliyesimama kando yangu akanipiga kiwiko: "We si mwanafunzi wake? Umemeza ulimi?" Ndiyo, nilikuwa nimeumeza. Tangu siku ya ule moto.

Usijifanye hukumbuki. Ilikuwa kule kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, maboti yakishusha watu wa Burundi kila kukicha, maturubai yamebanana hata kuku hapiti. Jiko la mtu likaangukia nyasi za kulalia. Gari letu lilikuwa pale pale, na tangi limejaa. Nasema limejaa, kwa sababu nilikitazama kipimo kwa macho yangu asubuhi. Bukuru ndiye aliyelijaza, yule kibarua wetu, naye mkimbizi aliyetangulia wenzake. Alikuwa akivuta maji ziwani kwa pampu na kuimba nyimbo zake za kanisani, wewe unamtania, "Bukuru, hata samaki wamechoka na pambio lako!"

Moto ulipowaka nikaushika mpira mwembamba, ule uliozungushiwa kwenye rola nyuma ya gari. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuufuta na kuuzungusha, ingawa uliudharau. Ule umeungwa na pampu wakati wote. Mtu mmoja anauvuta, anakimbia nao, anafungua, maji hayo. Unapita kati ya kamba za mahema bila kunasa. Maji yake si mengi lakini yanadumu, na pale hapakuwa na bomba la kuongezea, ziwa liko chini bondeni.

Ukaninyang'anya. "Weka chini! Huo wa kumwagilia mchicha! Wageni wanatazama, toeni mpira wa kiume!"

Wageni! Wale waliokuja na magari meupe na kamera. Kwa ajili yao tukautandika mpira mkubwa, watu watatu tukihangaika, ukajikunja kwenye vigingi, tukaukunjua, ukajikunja tena. Maji yalipotoka yalitoka kwa kishindo kweli, Mzee, ulipata ulichokitaka. Yakabomoa mahema mawili ambayo hayakuwa yakiungua. Halafu pampu ikakohoa, tangi likakauka, nasi hatujafika safu ya tatu.

Safu ya tatu alikuwamo Nyogokuru, yule bibi asiyeweza kutembea. Kila asubuhi alikuwa akinicheka, kwamba Kiha changu ni Kirundi kilichopotea njia. Sikumtoa. Hakuna aliyemtoa.

Ningekusamehe hata hilo. Binadamu hukosea. Lakini kesho yake ukaandika taarifa kwamba tangi lilikuwa nusu, kwamba kibarua hakulijaza. Ukanisukumia karatasi: "Tia sahihi, mdogo wangu. Huyu si wa hapa, atakwenda zake, sisi tutabaki." Nikatia. Nilikuwa na watoto, nilikuogopa, na nilikupenda. Sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Bukuru hakwenda zake. Yupo Kalinzi, analima vibarua kwenye kahawa na migomba ya watu. Nilipanda kumwona wiki ya pili baada ya maziko yako. Alinisalimu kwao, "Amahoro," bila kunitazama. Watu wake mwenyewe humwita aliyemuua Nyogokuru kwa uvivu. Kanisani hukaa peke yake kwenye benchi zima, na kuimba ameacha. Nikamwomba akusamehe, na mimi pamoja nawe. Akasema, "Mimi mulinisema mbele ya watu. Munaniomba musamaha huku kwenye migomba?" Akaendelea kulima.

Na nikupe habari za kituoni, zikuudhi. Mkuu mpya hakuudharau mpira wa rola. Juzi mgahawa ulishika moto sokoni Ujiji, mafuta ya maandazi yakarukia mbao za ukuta. Binti mmoja, ajira mpya, aliruka akauvuta peke yake, akapita uchochoroni ambako mpira wako wa kiume usingeingia hata kichwa, akapoza kuta za jirani kwanza, akazima mbao. Tulirudi na zaidi ya nusu ya tangi. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya gari nikalia kwa hasira. Ilikuwa rahisi hivyo, Mzee! Ilikuwa rahisi hivyo.

Nimeandika upya ile taarifa. Nimempelekea mkuu na sahihi yangu. Ameisoma mara mbili, akaniambia niwe tayari kwa lolote. Kisha nikaenda kwa mkeo, asije akaisikia barabarani. Alinitazama kama kinyesi. "Umekuja kuhani au kumzika mwenzio mara ya pili? Ukiyasema hayo mbele za watu, usikanyage tena kwangu." Nyumba nilimokula daku miaka kumi na tano. Nikainuka, nikavaa viatu vyangu.

Nakuombea, sitakuficha. Kila baada ya swala jina lako lipo, pamoja na la Nyogokuru, na sijui kama unapenda jirani huyo. Lakini ule ushahidi walioutoa makaburini, mimi siwezi kuutoa bado.

Mchungaji wao kanikubalia. Jumapili nitaingia kanisani kwao, mimi Mwislamu wa Ujiji, nimevaa sare, nisimame mbele ya watu wote waliomkimbia Bukuru kwenye lile benchi, niseme tangi alilijaza. Naahidi sitatetemeka, au nitatetemeka na nitasema hivyo hivyo.

Buriani, mwalimu wangu. Nitaanza na jina langu. Lako litafuata.

Mdogo wako,
Juma