Msumeno Niliochaguliwa na Kaka

Jumamosi, 3 Februari

Nimenunua! Msumeno wa umeme na drili, vyote vya betri, vya kampuni ile ya mafundi wakubwa. Akiba ya miaka miwili imeondoka kwa dakika kumi. Mimi mkutubi, mtu wa kupanga vitabu, ninayeshika mbao siku za mapumziko tu! Nilitaka ile seti ndogo ya bei ya chini. Kaka akakataa katakata – hizo za kuchezea, zitaniungulia mkononi kabla kitanda cha mjukuu hakijasimama. Binti yangu anajifungua mwezi ujao. Na kaka ndiye seremala wetu, ndiye aliyenifundisha kushika randa nikiwa na miaka tisa. Nimwamini nani kama si yeye?

Jumanne, 6 Februari

Kaka kaazima vyote viwili. Eti mota mpya lazima izoeshwe kazi nzito kwanza. Siku mbili tu.

Jumamosi, 10 Februari

Siku mbili zimekuwa nne. Vimerudi leo. Meno ya msumeno butu. Drili imejaa vumbi jeupe – si la mbao, la saruji! Nimempigia simu. Akacheka. "Mdogo wangu, si chombo cha kazi hicho? Au ulitaka ukiweke kabatini na vikombe vya wageni?" Nikacheka na mimi. Nilipokata simu sikuwa nacheka.

Jumatatu, 12 Februari

Kavichukua tena. Nilikuwa kazini, mume wangu ndiye aliyempa. Angemnyimaje shemeji yake, ananiuliza. Kweli, angemnyimaje.

Alhamisi, 15 Februari

Mchana nilipita dukani kutafuta meno mapya ya msumeno. Mama muuzaji, yule anayening'iniza miwani shingoni, alinikumbuka. Nikamuuliza bila kuzunguka: ile seti ndogo isingenitosha? Akatazama pembeni. Kwa kitanda kimoja na vistuli, akasema, ingetosha na kuzidi. Lakini nilikuja na fundi, yeye angembishiaje?

Halafu akaongeza, kama mtu anayetua mzigo – kaka alikuja peke yake wiki moja kabla. Akaigeuzageuza seti ileile ya ghali, akauliza bei, akairudisha. Akasema atatafuta njia.

Njia! Njia ndiyo mimi.

Jumamosi, 17 Februari

Nimemfuata kazini kwake. Nyumba ya ghorofa moja, bado haina milango. Nikiwa kwenye ngazi nimesikia msumeno wangu. Ukanyamaza. Fundi rangi akawa anausifu. Kaka akamwambia ni wa mdogo wake wa kike: "Anajifurahisha tu huyo, akishaunga vibao viwili atachoka, vyombo vitabaki vyangu."

Hakusema kwa dharau. Alisema kwa upendo kabisa, kama anayeongelea mtoto. Hapo ndipo aliponimaliza.

Nikashuka bila kuita.

Jumapili, 18 Februari

Mume wangu anasema niende nikamnyang'anye. Siwezi. Si msumeno unaoniuma. Nilipomaliza kistuli changu cha kwanza, kaka aliniambia nina mkono wa baba. Nimeishi na neno hilo miaka yote. Sasa sijui kama nalo lilikuwa la kunibembeleza tu.

Nimeazima msumeno wa mkono kwa jirani, dereva mstaafu. Hakuuliza kitu.

Jumamosi, 24 Februari

Malengelenge matatu. Lakini kichwa cha kitanda na upande wa miguuni vimesimama, viungo vinne vimeshikana bila msumari hata mmoja! Ile mashine ni nzuri, sikatai, inakata mbao kama sabuni. Anayekata mlango mmoja baada ya mwingine kutwa nzima, imfae. Mimi nina kitanda kimoja na Jumamosi zangu.

Jumapili, 25 Februari

Kaka amekuja. Mikono mitupu. Amepitia kusalimia, eti. Akakiona kitanda barazani, akainama, akapitisha kidole kwenye kiungo. Akauliza nani kanikatia.

"Mimi."

"Kwa mashine gani?"

Nikamwonyesha viganja.

Basi nikamwambia yote – mama wa dukani, ngazi, vibao viwili. Neno kwa neno. Kaka akakaa sakafuni. Kisha akauliza, ningekuomba waziwazi, ungenipa?

Ningempa! Ningempa kabla hajamaliza sentensi, na anajua. Nimemwacha hapohapo. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango, naandika.

Bado yuko barazani. Namsikia. Kachukua msasa wangu, anapiga upande wa miguuni – taratibu, kwa kufuata nyuzi za mbao, alivyonifundisha. Kitanda changu! Hata ruhusa hajaomba. Mume wangu anachungulia mlangoni, anauliza amwambie aache?

Nimemwambia angoje. Mkono mmoja uko kwenye kitasa, mwingine unamalizia mstari huu: natoka kumwambia mwenyewe kwamba ningempa, angeomba tu.