Chuma cha Mlima

Jumatatu, 6 Machi 1922. Taveta.
Uji umeungua. Ardhi ilitikisika nikikoroga, nikakimbilia nje na mwiko mkononi. Vibarua wa mkonge wakanicheka. Wacheke, uji wenye moshi wameunywa wao. Jirani yangu Mtaveta hacheki. Ameshahamishia vitanda nje. Anasema Chala, ziwa letu hapo juu, ni mdomo wa mlima uliotema moto zamani, na mdomo huo haujafungwa.

Alhamisi, 9 Machi.
Bwana wa serikali amekuja. Kila nyumba iweke maji na unga karibu na mlango. Kipande cha reli kimetundikwa kwenye mgunga kando ya jiko langu. Mtikisiko mdogo ukija, aliye karibu akigonge, watu watoke wote waende uwanjani kabla mkubwa haujafika. Leo serikali imesema la maana. Nimeshangaa.

Jumanne, 14 Machi.
Mnyapara wa shamba la mkonge amekipenda chuma. Anakigonga alfajiri kuita watu kazini. Nimemwambia hicho ni cha mlima, si cha mkonge. Eti, "Mama uji, koroga uji." Mshenzi mkubwa.

Jumamosi, 18 Machi.
Sasa anakigonga hata mchana, akipungukiwa na watu. Vijana wakikisikia tu, wanajificha. Mdogo wangu Mwadime, niliyemleta mwenyewe kutoka kwetu Wusi apate kazi, ndiye hodari wao. Anaingia ghala la mawe lililoachwa na askari wa vita, anajilaza nyuma ya magunia. Nimemwambia siku moja kitalia kwa kweli.
"Dada, nitajuaje kuwa hicho ndicho cha kweli?"
Nikamfokea.

Jumatano, 22 Machi.
Nimekwenda kwa karani wa serikali. Mnyapara akiache chuma, au atafute kengele yake. Karani atapeleka habari kwa wakubwa wake Voi. Voi! Mpaka habari ipande treni, ishuke, inywe chai. Nimerudi na hasira, nikawapa watu uji bila sukari.

Ijumaa, 24 Machi.
Imetikisika mchana. Nilikuwa karibu, nikagonga mimi. Nimegonga mpaka viganja vimechubuka. Wanawake na watoto walitoka. Vijana walikimbilia mafichoni. Nilimwona Mwadime akiingia ghalani. Nikapiga kelele, lakini nani asikie kwa mlio ule? Nami nikazidi kugonga. Mjinga mimi, nilizidi kugonga.
Mtikisiko mkubwa ulipokuja, ghala lilianguka lote.

Jumamosi, 25 Machi.
Tumemtoa. Mlima haujatema hata cheche. Mnyapara alikuja kutoa pole, nikamtemea mate. Sijuti.

Jumapili, 2 Aprili. Wusi.
Mvua. Tulimleta kwa treni mpaka Mwatate, kisha mabegani hadi huku juu. Tulimzika Jumatatu. Huku ardhi imetulia. Leo tukichambua maharagwe, Mama akauliza kama kule Taveta hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwonya mwanawe.
Nikasema alikuwepo.
Akasema Mungu ambariki mtu huyo.
Nikaendelea na maharagwe.